Ukurasa wa Chula

Katika wiki moja walikataliwa wote wawili, mke na mume, kila mmoja kivyake. Mke alikataliwa Jumatatu, huko Ulaya, na afisa wa wageni aliyemsikiliza saa nne nzima huku akinywa maji. Mume alikataliwa Alhamisi, hapa Kismayu, na kampuni ya matangazo ya mtandaoni ambayo mpaka leo hajui imekaa nchi gani.

Tuanze na mke, maana ya mume yalitokana na ya mke.

Mwanatumu alikuwa mzaliwa wa Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayu, binti wa Mzee Famau. Alikulia kisiwani, akaolewa na Jaafar, akaja kukaa naye mjini. Mwaka ule vijana wa bendera nyeusi walipokuwa wameushika mji, walimuua ndugu yake, Bakri, pale ufukweni, kwa kuwa alikataa kubeba bunduki yao. Watu wakainamisha vichwa. Mwanatumu hakuinamisha. Alisimama mbele ya maiti ya ndugu yake akawataja waliomuua mmoja mmoja, majina yao na majina ya baba zao. Loo! Mwanamke akishafanya hivyo katika mji kama huu, hana tena pa kulala. Wabajuni waliotangulia Ulaya wakachangishana, akatafutwa mukhalasi, yaani dalali wa safari za kificho, na mukhalasi akasema ana nafasi ya mtu mmoja tu. Mwanatumu akaenda peke yake. Mtoto wao, Rawda, wa miaka mitano, akapelekwa Chula kwa babu yake, na Jaafar akabaki mjini kutafuta riziki.

Basi huko alikofika akaomba hifadhi. Wakamuuliza maswali ya Chula, akajibu. Kisha wakamwambia hawaamini kwamba yeye ni mtu wa Chula. Walisema Kiswahili chake ni cha Kenya, kwa hiyo ni Mkenya aliyekuja kuwadanganya. Mchu, ndivyo tusemavyo mtu kwa Kibajuni, amezaliwa kisiwani, amezika kisiwani, aambiwa na asiyewahi kukiona kwamba si kwao! Akapewa nafasi ya kukata rufaa mbele ya jaji. Akishinda, Jaafar na Rawda wangemfuata kwa karatasi za halali. Akishindwa, angerudishwa mikononi mwa wale aliowataja majina. Hakukuwa na njia ya tatu. Na wakili wa rufaa hakuwa wa bure.

Ndipo Jaafar alipoikumbuka tovuti yake.

Alikuwa akiiita Visiwani Leo. Aliianzisha kwa mapenzi tu, katika duka la intaneti la rafiki yake aitwaye Riyadh, alikokuwa akichapa barua za watu na kutengeneza kompyuta zilizokufa. Aliandika kwa Kibajuni nani kaoa, nani kazaa, nani kafariki kambini Kenya, mashua gani imefika Ras Kamboni na imebeba nani. Mistari mitatu, minne, basi. Wabajuni waliotawanyika tangu vita vya tisini na moja walikuwa wakiifungua kila asubuhi kabla ya chai. Wako waliopata habari za mama zao humo. Jaafar akasikia kwamba zipo kampuni zinazoweka matangazo katika tovuti na kumlipa mwenyewe, akajaza fomu, akangoja siku mbili.

Jibu lilikuwa fupi. Tovuti yako haikukubaliwa. Maudhui ni hafifu. Lugha hii hatuihudumii.

Hafifu! Jaafar alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo aliisukuma kibodi ikaanguka chini. "Watu wanajua hapa nani kazikwa wapi," akasema, "halafu mtu ananiambia hafifu?"

Riyadh aliiokota kibodi akaipangusa. Alikuwa Msomali wa mjini, mtu wa biashara, na mambo haya alikuwa ameyasoma. "Usikasirike, bwana," akamwambia. "Hao hawataki habari zenu. Wanataka makala marefu, ya Kiingereza, ambayo hayako kwengine. Mtu akae asome, na tangazo likae pembeni yake. Wewe Kiingereza unacho. Waandikie."

Kiingereza alikuwa nacho kweli. Alikipata katika kambi ya wakimbizi Mombasa, alikofikishwa na mama yake akiwa na miaka sita, na akakisomea chini ya turubali mpaka siku waliporudishwa kwao. Sasa aliamua kuandika kuhusu Chula, kwa sababu aliangalia mtandaoni na hakukuta mtu aliyeandika cha maana. Lakini, tuseme kweli, Chula yenyewe alikuwa haijui sana. Alizaliwa pale akatolewa mdogo, na baadaye alikuwa akienda kwa harusi na mazishi tu. Ijumaa moja akapanda mashua akaenda kumuuliza mkwewe.

Mzee Famau hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kwa ajili ya kuandikwa. Alifurahi mpaka akavaa kofia yake ya Idi. Akamtembeza Jaafar kisima kwa kisima, akamwambia kipi maji yake ni ya kunywa na kipi ni ya kufulia. Akamwonyesha msikiti wa zamani uliobaki ukuta mmoja. Akamtajia mitaa, na koo, na nani alimwoa nani, na kasa wanakopanda kutaga. Rawda alikuwa akiwafuata nyuma, amemshika babu yake upindo wa kikoi. Jaafar akajaza daftari zima.

Mwisho wakafika kwenye kaburi la Sharifu.

Lilikuwa kaskazini mwa kijiji, limepakwa chokaa, limefunikwa nguo ya kijani. Kila mwezi wa Shaabani watu walikuwa wakija kulizuru kutoka visiwa vyote, wakisoma, wakipika, wakigawana halua. Kulifagia ilikuwa kazi ya nyumba ya Famau tangu zama za babu zake, na kushona nguo yake mpya kila mwaka ilikuwa kazi ya wanawake wa nyumba hiyo. Mwanatumu alikuwa ameishona miaka kumi na miwili. Mishono yake ilikuwa bado pale, na mzee akaipapasa.

Wale wa bendera nyeusi waliyahesabu makaburi ya aina hii kuwa ushirikina. Mahali pengi bara walikuwa wamekwisha kuyavunja. Chula walikuwa hawajaifikiria, kisiwa kidogo, watu maskini.

"Yote niliyokwambia yaandike, mwanangu," akasema Mzee Famau. "Hili usiliandike. Wakilijua watakuja na majembe, na mimi siondoki hapa."

"Sitaliandika, baba," akasema Jaafar.

Wala hakuliandika. Alikaa dukani wiki tatu akaandika makala kumi na nane, na katika yote hakuna neno kaburi. Akayatoa mtandaoni. Siku ya tatu, mtu mmoja wa Chula aliyekuwa Ulaya, kwa hamu ya kwao tu, maskini, akaacha maoni chini ya makala ya msikiti. Aliandika: Mbona kaburi la Sharifu hukulitaja? Mzee Famau yuko hai? Bado analifagia yeye?

Jaafar aliyakuta maoni hayo yamekaa hapo tangu jana yake. Akayafuta palepale. Lakini kufuta hakukumtuliza, maana nani anajua waliokwisha kuyasoma? Katika wale vijana walikuwamo waliotoka nje, waliosoma Kiingereza kumshinda yeye. Basi akafungua makala ya dini akaongeza maneno haya: "Chula hakuna kaburi linalozuriwa. Lililokuwako lilibomoka zama za mababu, na hakuna aliye hai anayekumbuka lilikuwa wapi." Akayasoma mara mbili. Akaona yametosha kuifunga njia.

Uongo ule aliusema kwa ajili ya mkwewe na mtoto wake, na mimi simlaumu. Ningekuwa yeye ningeandika vilevile.

Akapeleka ombi la pili. Likarudi limekataliwa. Safari hii walisema makala ni mazuri, lakini haijulikani mwenye tovuti ni nani, yuko wapi, na anayoyasema ameyatoa wapi. Msomaji ataaminije?

"Weka jina," akasema Riyadh.

"Jina langu? Katika mji huu?"

"Basi usiweke, na mkeo atafute wakili wa bure."

Riyadh alikuwa na ulimi mkali, lakini hakukosea. Jaafar akafikiri siku mbili. Katika makala yote hakuna siasa, hakuna bunduki, hakuna kaburi. Kuna samaki na visima. Akatengeneza ukurasa mpya akaandika majina yake matatu kwa ukamilifu, Jaafar Nassor Omar, mzaliwa wa Chula, mkazi wa Kismayu. Akamalizia: "Kila kilichoandikwa humu kimethibitishwa na wazee wenyeji wa kisiwa." Ombi la tatu likaenda. Wakamjibu kwamba wamelipokea, uchunguzi utachukua wiki mbili au tatu, na katika muda huo asibadilishe kurasa zake, maana akibadilisha huenda uchunguzi ukaanza upya.

Kesi ya Mwanatumu ilikuwa imepangwa baada ya wiki nne.

Walikuwa wakizungumza kwa simu kila Jumapili. Jaafar hakumuuliza kule alihojiwa nini na alijibu nini, kwa sababu kila alipoanza kuyasimulia alilia, na kadi ya simu ikaisha kwa kilio. Alimwambia tu kwamba anaandika kuhusu Chula, kwa Kiingereza, na watu wanasoma. Ukiandika Chula kwenye kompyuta, alisema, mtu wa kwanza kutokea ni mimi. Mwanatumu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aondoke.

Wale wa bendera nyeusi wakaja siku ya tisa ya uchunguzi. Si dukani. Walikwenda Chula, kwa boti mbili, asubuhi, watu wamo katika kazi zao, na majembe wameyachukua. Nani aliwaambia? Haikujulikana. Huenda mtu sokoni, huenda mtu wa kisiwani mwenyewe mwenye kinyongo. Huenda yale maoni yaliyokaa usiku mmoja. Jaafar atakwenda nalo hilo kaburini.

Mzee Famau alikuwa amekaa chini, ameegemea kaburi. Walimwambia aondoke, akasema haondoki. Wakamburuta, wakamfunga kwenye mnazi, wakalivunja kaburi mbele yake, nguo ya kijani wakaichoma. Kisha wakamchapa fimbo mbele ya watu, mtu wa miaka sabini na kitu. Hakuishi mpaka Ijumaa. Wakakataza asililiwe kwa sauti, na akazikwa kimyakimya na watu kumi na wawili, wajukuu na jirani.

Jaafar alifika jioni ya mazishi. Alimkuta Rawda chini ya kitanda, hataki kutoka, akamvuta polepole akambeba. Bi Ummi, dada wa marehemu, alikuwa amekaa juu ya mkeka na wanawake wengine, wamefunga midomo kwa leso zao ili kilio kisitoke nje.

"Mwanatumu asiambiwe," akasema Bi Ummi.

"Bibi, baba yake huyu."

"Ndiyo, baba yake. Nani atamshika akianguka? Yuko na nani huko? Amekaa chumbani na watu wasiojua hata kusema pole. Kwetu mtu hapewi msiba kwa simu, Jaafar. Hujui? Hupewa na mtu, mtu amekaa ubavuni, mkono wake uko mkononi mwake." Akajipangusa macho. "Na ana kesi. Atasimama vipi mbele ya hao Wazungu na msiba mbichi? Atasahau hata jina lake. Amalize kesi kwanza. Binti yangu Bushra yuko hukohuko Ulaya, mji wa mbali naye, lakini atamwendea baada ya kesi, amwambie vizuri."

Wanawake wote wakaitikia kwamba ndivyo. Na ndivyo ilivyo kwetu, tangu jadi, wala hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Mtu wa mbali hufichwa msiba kwa kuhurumiwa. Wako mabaharia waliofichwa vifo vya mama zao miezi sita, wakarudi wakaambiwa, wakashukuru. Jaafar akainamisha kichwa akakubali. Akamchukua mtoto, akarudi naye mjini.

Jumapili Mwanatumu akapiga simu. Akauliza baba hajambo? Jaafar akasema hajambo, ila kisiwani mtandao umekatika tena. Akamwomba aseme na Rawda siku nyingine, mtandao ukirudi. Mtoto alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye simu, anakula embe. Jaafar akamwekea kidole mdomoni asiseme.

Riyadh, siku chache tu baada ya msiba, alimwambia neno la akili. "Lile kaburi sasa si limevunjwa? Basi toa yale maneno kwenye makala. Huna tena cha kuficha."

"Nitatoa," akasema Jaafar.

"Toa leo."

"Wamesema nisiguse. Nikigusa wataanza upya, na nimekwisha kataliwa mara mbili. Wakikubali tu, nitatoa saa hiyohiyo." Alikuwa na macho mekundu, hajalala siku nne. "Sentensi mbili, Riyadh. Nani anasoma sentensi mbili?"

Riyadh akarudi kwenye kazi yake. Na yeye aliona ni jambo dogo.

Kukubaliwa kulifika siku nne kabla ya kesi, saa tano asubuhi. Hongera, tovuti yako imekubaliwa. Riyadh akatoka akanunua soda mbili, akamgongea meza. Jaafar aliufungua ukurasa wa Chula, na pembeni ya makala ya visima akaona tangazo la kwanza, picha ya mwanamke mnene amekuwa mwembamba kwa wiki mbili. Chini ya makala ya msikiti kulikuwa na tangazo la makoti ya baridi. Hakucheka wala hakulia. Kwanza alifungua makala ya dini akazifuta zile sentensi mbili, kama alivyoahidi. Ndipo akasoma masharti yaliyobaki, akakuta kwamba hawalipi chochote mpaka fedha zifike kiwango fulani, na kwa wasomaji aliokuwa nao kiwango hicho kingechukua mwaka. Wakili alilipwa na Wabajuni wa huko, kwa mchango, kama zamani. Tovuti haikumsaidia kwa senti moja.

Hata hivyo siku ile alilala. Alijiona amemaliza: tovuti imekubaliwa, uongo umefutwa, Bushra amekwisha kukata tiketi ya kumwendea Mwanatumu. Ilibaki kesi tu, na katika kesi Mwanatumu alikuwa na kweli yake, hakuhitaji zaidi.

Simu ililia Jumanne baada ya adhuhuri. Jaafar alikuwa dukani, Rawda yuko chini ya meza anachezea waya. Aliona namba ya Ulaya akatoka nje, akasimama kivulini ukutani, mtoto akamfuata.

"Wamekataa," akasema Mwanatumu.

Sauti yake ilikuwa kavu, haina machozi. Jaafar akajiegemeza ukutani.

"Jaji amesema palepale, hakungoja hata kuandika barua. Wakili wangu ameinuka ametoka bila kuniangalia."

"Kwa nini? Wamesema nini?"

"Nisikilize, usinikatize, maana kadi itaisha. Ile mara ya kwanza waliniuliza kisiwani kuna nini, nikawaambia kaburi la Sharifu. Nikawaambia mimi ndiye niliyekuwa nikishona nguo yake. Wakaandika. Leo yule wa upande wa serikali akatoa karatasi, wameichapa kwenye mtandao wiki iliyopita. Akasema, mtu wa Chula ameandika, na ameandika kwamba amethibitisha na wazee: Chula hakuna kaburi, na hakuna aliye hai anayekumbuka lilikuwa wapi. Akasoma jina la aliyeandika."

Jaafar akaibana simu sikioni.

"Jaji akaniuliza, huyu unamjua? Nikasema ni mume wangu. Maana jina lako liko kwenye fomu yangu tangu siku ya kwanza, ningekataaje? Akasema, basi mumeo anasema hakuna, wewe wasema liko na umelishonea miaka kumi na miwili. Nani mkweli?"

"Mwanatumu, mimi niliandika vile kwa sababu..."

"Najua kwa nini uliandika!" Akapandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Wanifanya mjinga? Nilijua palepale, hata karatasi hajaiweka chini. Nikajua umemficha baba. Na mkalimani, Jaafar, mkalimani alikuwa mtu wa Kismayu. Nilimjua kwa maneno yake tu. Nikajiuliza, nikisema hapa kwamba kaburi liko, na baba yuko pale analifagia, na mume wangu amewafichia wale watu, hili neno litalala hapa? Kesho si litakuwa limefika kwao? Nikamwona baba. Nikamwona Rawda amekaa naye pale."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mume wangu ndiye mkweli. Nikasema kaburi hakuna, nilitia chumvi ili nikubaliwe."

Gari likapita, na vumbi likamwingia Jaafar machoni, hakulipangusa. Rawda alikuwa amemshika suruali anamuuliza ni nani, ni mama? Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie nimekosea," akasema Mwanatumu, sasa kwa upole. "Watanirudisha, sawa, wanirudishe. Nitajificha, nitajua la kufanya. Lakini baba yuko salama na mtoto yuko salama, na hilo nimelifanya mimi, kwa ulimi wangu mwenyewe. Ndilo pekee nililopata katika safari hii. Mwambie baba. Mtandao ukirudi mwambie, atafurahi."

Jaafar alijua kwamba hapa ndipo pa kusema atamwambia, na kukata simu, na kumwachia Bushra kazi yake. Ndivyo walivyokubaliana. Lakini roho ilimkataa. Akasikia mdomo wake unauliza jambo jingine.

"Uko na nani hapo?"

"Peke yangu. Bushra atafika kesho. Sijui kapata wapi nauli, amesema tu lazima aje, lazima..." Akanyamaza. Jaafar aliusikia ule unyamavu ukirefuka, akaufahamu, na hakuna la kufanya tena. "Jaafar. Mbona waniuliza niko na nani?"

Jaafar akamtazama Rawda.

"Ni mtoto?"

"La. La, wallahi, Rawda yuko hapa nami, mzima. Huyu hapa." Akauondoa mkono mdomoni mwa mtoto, na Rawda akaita mama, mama, kwa sauti yake yote.

Mwanatumu hakumwitikia mtoto.

"Yuko hapo?" akasema. "Kwa nini yuko mjini? Kwa nini hayuko kwa baba?"

Jaafar hakujibu, na kutojibu kulitosha. Alimsikia mkewe akivuta pumzi mara moja, mara mbili, kama mtu aliyebebeshwa gunia.

"Walikuja?"

"Walikuja."

"Kaburi?"

"Walilivunja, na nguo wakaichoma. Yeye alikataa kuondoka."

"Lini?"

Jaafar alitamani Mungu amfanye bubu. "Siku kumi na tisa sasa," akasema.

Rawda alikuwa akiruka aifikie simu.

"Kabla ya leo?" akauliza Mwanatumu. "Kabla sijasimama pale?"

Jaafar akasema ndiyo, kabla.